Siku Baba Alipotuchagulia Amplifaya

Sisi tuliokulia Isiolo kabla simu hazijajifunza kuimba, muziki tuliutafuta kwa jasho. Ngoma yetu ilikuwa debe la mafuta ya kupikia lililowambwa ngozi ya mbuzi. Tulirudi nyumbani miguu imejaa vumbi, tukanyweshwa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, tukala anjera, ile mikate laini ya unga uliochachuka, ikiwa bado inachoma vidole. Mama hakunikataza muziki, ila alikuwa na sheria moja: "Adhana ikilia na bado nasikia hilo gita, nitalifanya kuni za anjera." Na tulinyamaza. Mtoto wa leo ukimwambia hivyo atakuuliza kama gita linashika moto vizuri.

Gita lenyewe lilikuwa la umeme, tuliachiwa na mwalimu aliyehamishwa. Nilipiga mimi, rafiki yangu Guyo akapiga debe, na Lokiru, jirani yetu, akaimba. Amplifaya hatukuwa nayo, kwa hivyo tuliliunganisha gita na redio ya kaseti ya kina Lokiru. Sebuleni ilitosha kabisa. Lakini siku ya wazazi shuleni upepo ulivuma uwanjani, akina mama wakapiga vigelegele, Guyo akanogewa na debe, na gita langu likapotea kama sindano mchangani.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kwenda mji wa Merti. Injini ilikuwa imelichosha sikio lake la kushoto kwa miaka mingi. Siku hiyo aliacha kupakia mizigo ili aje kutuona. Jioni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, niliona vidole vyako vikitembea. Lakini sikusikia kitu." Nikageukia ukuta nikalia.

Baba hakunibembeleza. Alikuwa ameshamwahidi rafiki yake wa Merti kwamba tutapiga kwenye harusi ya binti yake, na harusi ilikuwa wiki iliyofuata. Asubuhi akatupeleka kwa Mama Nkatha, fundi wa redio pale mjini, Mmeru wa maneno machache. Alikuwa na amplifaya mbili. Moja ilikuwa mpya, spika mbili, vitaa vyekundu vikimetameta. Ya pili ilikuwa kuukuu na nzito, spika moja tu, panya wametafuna pembe yake. Tuliikimbilia ile ya vitaa.

"Msiulize ina wati ngapi," Mama Nkatha alisema. "Ulizeni sauti inafika wapi."

Akavuta waya mrefu mpaka nje. "Na wewe wa ngoma, piga kama umekasirika."

Baba akatugeuzia mgongo na kuanza kutembea kuelekea soko la mbuzi. "Nikilisikia gita, mkono utakuwa juu," alisema. "Nisipolisikia, nitaushusha."

Tulianza na ile mpya. Hapo tuliposimama vifua vilitetemeka, tukajua tumepata. Lakini Baba hakufika hata kwenye posho mill, kinu cha kusagia unga, mkono ukashuka. Tukaongeza sauti. Mkono haukupanda.

"Inanguruma chini, palepale ngoma ilipo," Mama Nkatha alieleza. "Sauti hizo mbili zinagombana, na gita linamezwa. Gita lataka sauti ya katikati. Hiyo ndiyo inayopenya kelele."

Akawasha ile kuukuu, tukangoja taa zake za ndani, zile za kioo za redio za zamani, zipate moto. Akaipandisha juu ya kreti, "isije ikaimbia viatu vya watu." Nikapiga. Baba akapita posho mill, mkono juu. Akafika sokoni, mbuzi wanalia, madalali wanapigiana kelele, mkono bado juu. Kisha baba yangu, mtu wa heshima zake ambaye sikuwahi kumwona akicheza, akacheza hatua mbili katikati ya mbuzi. Madalali walimcheka. Yeye hakujali.

Lokiru alinung'unikia vile vitaa tulivyoviacha. Baba akamwambia, "Watu hawaji harusini kutazama taa." Kisha yeye na Mama Nkatha wakaenda pembeni, wakaelewana.

Walichoelewana nilikijua tulipopanda lori kwenda Merti. Mbele ya usukani, mahali pa redio yake, palikuwa na tundu tupu. Redio ile ndiyo iliyokuwa ikimchangamsha njia nzima, siku baada ya siku. Aliniona nikilitazama lile tundu. "Sitaihitaji," alisema. "Leo nina wanamuziki garini."

Tulipiga harusini kwa stima ya jenereta mpaka bibi harusi akaacha kiti chake. Baba alisimama nyuma kabisa, penye malori. Tulipomaliza alinijia akanishika bega. "Leo nimekusikia," akasema.

Siku hizi binti yangu ana kikundi chake. Juzi alinionyesha kwenye simu amplifaya kumi za maonyesho makubwa, kila moja na nyota zake tano. "Baba, ni ipi?" Nikamwambia aende dukani na mpiga ngoma wake, wapige nje, na mtu atembee mbali akisikiliza. Akacheka: "Kwani tunauza mbuzi?"

Ana vifaa ambavyo sisi hatukuviota, nami nafurahi. Ila huwa napata huzuni kidogo nikiona vijana wakipigia watu wasiowajua, wakihesabu waliobonyeza kidole gumba. Sisi tulikuwa bado hatujui kupiga, na alikuwepo mtu mmoja, mwenye sikio moja zima, aliyetaka kutusikia. Alhamdulillahi kwa ajili yake.