Manang Deling na Daraja la Zamu ya Tisa

Kwa miaka mitatu hakuna aliyemfunga Wendell Sumagaysay katika gemu ya Falme Tisa. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, wachezaji wanane walikutana kwenye duka la kompyuta la Jerson, nyuma ya soko la mtaa wa La Paz. Kila mmoja alikaa mbele ya kioo chake, akachagua jeshi lake, na vita vikaanza. Wendell alichagua mazimwi siku zote. Mazimwi ni ghali na wanakula kupita kiasi, lakini wakishafika langoni kwa adui, kazi imekwisha. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kusuka mota zilizoungua, mtu wa miaka thelathini na mitatu, mikono mizito, maneno machache. Akishinda alikuwa na tabia ya kujifunika kofia usoni na kujifanya amelala. Wenzake walimchukia kwa hilo, na walimheshimu vilevile.

Basi akaja Manang Deling.

Manang ni neno la heshima kwa mwanamke aliyekuzidi umri, kama Manong kwa mwanamume; jina lake kamili ni Adelina Panes, na pale mtaani kila mtoto amewahi kuvaa sare iliyopita mikononi mwake. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na minane. Aliingia dukani Jumapili moja ya mvua, miwani yake ya kushonea imening'inia kifuani, na Jerson akadhani anamtafuta mjukuu. Akauliza kama kiti cha nane kina mtu. Kilikuwa kitupu. Akakaa, akakisogeza kioo karibu, akachagua wapiga mishale wa msituni, jeshi ambalo hakuna mchezaji wa maana aliyekuwa akilichagua. Wachezaji wawili wakatazamana wakacheka kimoyomoyo.

Hadi zamu ya nane walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Wendell. Kati ya falme zao palikuwa na mto wenye daraja moja. Wendell akawafikisha mazimwi wake wote pale darajani, halafu akasita zamu nzima kabla ya kuvuka. Alipofika kwenye ngome ya Manang Deling, akaikuta tupu, ina wapiga mishale kumi tu juu ya ukuta. Akaiteka kwa zamu moja. Ndipo alipogundua kwamba jeshi la yule mama lilikwisha kupita msituni na kuikalia migodi yake yote. Mazimwi wasipolipwa na kulishwa, huondoka. Zamu ya kwanza waliondoka watano, ya pili kumi na wawili, na ya nne Wendell alikuwa mfalme wa ngome ya watu wengine, hana hata askari wa kufunga lango.

Duka zima lilikuwa limesimama nyuma yake. Manang Deling hakushangilia. Alivuta kiti cha plastiki hadi kando ya Wendell, akavaa miwani, akatoa kijidaftari, akauliza kwa upole kabisa:

"Toto, zamu ile ya tisa ulisimama darajani. Ungevuka palepale ungenikuta sijajiandaa. Kwa nini hukuvuka?"

Wendell alihisi masikio yanawaka. Kufungwa ni jambo moja, kuhojiwa baada ya kufungwa ni jambo lingine. Akasema hakumbuki, akachukua kofia yake, akaenda zake.

Ikawa hivyo kwa miezi. Safari moja Wendell alimfunga Manang Deling, safari mbili alifungwa, na kila mara, ashinde ashindwe, yule mama alivuta kiti na kuuliza. Kwa nini uliuza farasi? Ulijuaje kwamba niko nyuma ya mlima? Wengine walimjibu, kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa amewashonea watoto wao. Wendell hakumjibu hata mara moja. Aliamini kwamba mwanamke huyo anakusanya siri zake kwenye daftari ili aje ammalize. Kilichomchanganya ni kwamba Manang Deling hakuficha za kwake. Ukimuuliza aliwezaje kupita msituni bila kuonekana, alikueleza hatua kwa hatua, na akakuonyesha mahali ambapo ungeweza kumzuia. Jumapili iliyofuata watu watatu walimjaribia hila hiyohiyo, naye akaja na nyingine.

Mwezi wa tano, wakati sare zinapotakiwa na kila mzazi kwa siku moja, mota ya cherehani ya Manang Deling iliungua. Fundi wa karibu alikuwa Wendell. Alienda kwa shingo upande, kisanduku cha vifaa mkononi, Jumatatu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anavua viatu kizingitini aliposikia sauti ya Manang Deling kutoka ndani.

"Akafika darajani na mazimwi thelathini. Akasimama tena, kama siku ile ya kwanza."

"Kwa nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyezoea kupiga kelele kuishinda injini.

"Sijui, Pulo. Huyu haniambii kitu. Nikimuuliza anavaa kofia."

"Aliogopa joka, lile linalomeza mazimwi."

"Mimi sina joka. Sijawahi kuwa na joka maishani."

"Wewe unajua huna. Yeye gemu inamwonyesha mwisho wa daraja tu, mbele ni ukungu."

Wendell alibaki na kiatu kimoja mguuni. Alichungulia. Katika kiti cha mianzi alikaa mwanamume mpana, macho wazi yasiyotazama kitu, na mapajani mwake mlikuwa na kitambaa kikubwa kinene. Juu ya kitambaa hicho Manang Deling alikuwa ameshonea ramani nzima ya Falme Tisa: mto kwa kamba ya kitani, milima kwa pamba iliyofutikwa ndani, ngome kwa vifungo vya makoti, njia kwa uzi uliokazwa. Vidole vya yule mzee vilikuwa vikipita juu ya daraja, vinarudi, vinapita tena.

Huyo alikuwa Manong Crispulo, ndiye Pulo, mumewe. Alikuwa makanika wa meli miaka ishirini na sita, na huko baharini ndiko alikoijua gemu hiyo. Akamfundisha mkewe kwa simu, wakawa wanacheza wote wawili, yeye akiwa bandari fulani ya baridi na mkewe nyumbani, kwa sababu maneno ya simu yalikuwa yanawaishia na gemu haikuwaishia. Halafu kisukari kikamla macho, akarudishwa nyumbani. Mwaka mzima hakutaka kusikia jina la gemu. Manang Deling akashona ramani, akaiweka mapajani mwake, akaenda kwa Jerson. Aliporudi alimweleza vita vyote, zamu kwa zamu. Lakini Manong Pulo alitaka zaidi ya hatua za askari. Alitaka kujua kila mtu alikuwa anafikiria nini, na hilo mkewe asingeweza kulibuni. Ilimbidi aulize.

Mengi ya haya Wendell aliyajua baadaye. Asubuhi ile alijua moja tu, kwamba mtu aliyemdhania mpelelezi alikuwa akibeba habari kumpelekea kipofu. Akakohoa pale kizingitini.

"Kweli niliogopa joka," akasema.

Wote wawili wakageuka. Manong Pulo akacheka hadi kitambaa kikateleza.

"Nilikwambia, Inday wangu. Huyu ndiye wa kofia?"

"Ndiye," alisema Manang Deling. "Ingia, Toto. Cherehani iko kule. Lakini kwanza mwambie, siku ya kwanza ulidhani joka amekaa wapi?"

Wendell akapiga magoti mbele ya kiti cha mianzi, akamshika mzee kidole cha shahada, akakipeleka ng'ambo ya kamba ya kitani. Hapa, akasema. Kwa sababu Manang hakuweka hata mlinzi mmoja hapa, nikajua hakuna mtu mwenye akili anayeacha mahali kama hapa wazi, ila awe na joka. Manang Deling akachukua daftari akaandika, na akakiri kwamba aliacha wazi kwa sababu alisahau. Mota ilianza kufunguliwa baada ya saa mbili nzima kupita. Sare zilichelewa siku moja, na hakuna mzazi aliyeelezwa sababu.

Tangu hapo desturi ya dukani ikabadilika. Wendell ndiye aliyeanza kuvuta kiti. Gemu ikiisha, wote wanane walikaa mviringo, Manong Pulo katikati na kitambaa chake, kwa kuwa sasa Wendell alimpitia kila Jumapili kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu. Kila mtu alisema alichofikiria, hata upumbavu wake. Jerson alilalamika kwamba wanamharibia duka, kwani hakuna tena siri za kushindania. Manang Deling akamwambia siri alizokuwa nazo zote alishazitoa, na bado hawamfungi. Waliguna.

Wiki ya sikukuu ya mtakatifu wa mtaa yakafanyika mashindano kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, wachezaji wa maduka sita ya kompyuta, vioo vikubwa viwili. Fainali ikawa Wendell na Manang Deling. Manong Pulo alikaa mstari wa mbele, Jerson akimnong'oneza kila hatua na kumsogezea vidole.

Zamu ya kumi na moja Wendell alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliwaondoa mazimwi wote ndani ya ngome yake, akaiacha wazi, akawapeleka kaskazini, mbali na kila kitu. Manang Deling aliitazama ile ngome tupu. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya bila kusogea. Alijua ni mtego, kwa kuwa ni yeye aliyeubuni. Asichojua ni mlango wake uko wapi. Zamu ikapita bila yeye kusogea, na katika zamu hiyo Wendell akavuka mto kaskazini, mahali penye kina kifupi, akawanasa wapiga mishale wakiwa wamegeuza mgongo. Zamu sita baadaye gemu ilikwisha.

Watu walipiga kelele. Wendell hakugusa kofia yake. Alizunguka meza, akamshika Manang Deling mkono, akainama na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, salamu ya heshima ya pale kwao, kama mtu afanyavyo kwa mama yake, na akamuuliza taratibu kama imemuuma.

"Imeniuma sana," alisema Manang Deling, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Akavaa miwani. "Sasa nieleze huko kaskazini. Ulijuaje kwamba mto una kina kifupi?"

"Manong ndiye aliyenionyesha. Kamba umeishona legelege pale wewe mwenyewe, Manang."

Alimgeukia mumewe. Manong Pulo alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hakudaiwa radhi wala hakuomba. Alianza tu kueleza kwamba hata hivyo wote wawili walikosea, kwamba zamu ya saba yeye angeliuza jeshi lote na kununua wachawi wawili. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akashika vidole vyake, akavitembeza juu ya kitambaa, na akamwonyesha kwamba wachawi hao wangekufa zamu ya tisa, kwa njaa. Hakumpunguzia kitu. Mzee akabisha, Wendell akabisha upande wa mzee, na vijana wa mpira wa kikapu walipokuja kudai uwanja wao iliwabidi wabebe viti na ubishi wao hadi kwenye kibanda cha supu ya batchoy mkabala. Mwenye kibanda aliwaletea mabakuli matatu ya tambi na maini, mchuzi ukifuka moshi, akawasihi wale kabla haujapoa. Hakuna aliyemsikia.