Vioo Vyeusi vya Lori la Baba

Watu wa gereji wananiita Mama Msasa. Wanasema ni kwa ajili ya kazi yangu, lakini nawajua, wanausema ulimi wangu. Na waseme. Leo nina hasira, na mtu asithubutu kuniambia nitulie, maana nikiambiwa nitulie ndiyo kwanza zinanipanda.

Kazi yangu ni vioo vya taa za magari. Tunaviita vioo, lakini ni plastiki tupu, na plastiki ikipigwa na jua miaka na miaka inafubaa mpaka taa ikiwaka ndani unaona uji mwekundu. Mimi nakaa kwenye kigoda nyuma ya gereji, ndoo ya maji miguuni, nasugua. Naanza na msasa wa kukwaruza, nakuja na laini, namaliza na ule laini kabisa ambao ukiushika unadhani ni karatasi ya daftari. Yote naitumia na maji yenye tone la sabuni. Mwisho ni polishi na kipande cha fulana kuukuu. Ukifanya uvivu ukaruka msasa mmoja, taa ikiwashwa tu mikwaruzo inakucheka. Fundi wa rangi, tunayepakana naye pale gerejini, kila akipita ananiuliza, "Mama Msasa, vyombo bado havijatakata?" Namjibu alete na sura yake nayo niisugue.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliianza kwa hasira.

Baba alikuwa dereva wa lori, lile la zamani lenye pua ndefu na milango ya kufunga kwa kishindo. Mama alikuwa akisema mbele yake kwamba analipenda kuliko anavyompenda yeye, na baba wala hakukana. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alizunguka nyuma na kitambaa chenye petroli akafuta taa. Zikang'aa, akaridhika, akapanda. Madereva wenzake wote walifanya hivyo. Kumbe petroli inaila ile plastiki kidogo kidogo. Inaipasua nyufa nyembamba kama nywele, na kila unavyofuta ndivyo unavyoimaliza. Baba wa watu anadhani anasafisha taa, kumbe anaziua kwa mkono wake.

Alasiri moja, jua likipiga mgongo wa lori, akakuta mbuzi barabarani karibu na daraja, akashika breki. Gari kubwa lililokuwa nyuma likamvaa vilevile lilivyokuja. Lori likasukumwa mpaka ukutani mwa daraja, upande mmoja ukakunjika, na mguu wa kushoto wa baba, mguu wa klachi, ukabaki humo ndani. Yule dereva wa nyuma aliapa mbele ya kila mtu kwamba mzee hakukanyaga breki. Baba alikanyaga! Hata kitandani hospitali, hajui hili wala lile, alikuwa anasema nimekanyaga, nimekanyaga. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hata yule dereva sidhani kama alidanganya. Hakuona taa.

Nilikwenda kuliangalia lori lilipovutwa nyumbani. Taa moja ilikuwa imesagika, nyingine nzima. Nikaifungua ile nzima kwa bisibisi, nikaenda nayo mlango wa jikoni, nikaisugua kwa dawa ya meno nikilia na kutukana. Mama alinipita na sufuria mara kadhaa. Tangu hapo sijaacha kusugua.

Sasa, mdogo wangu. Ana mikono ya dhahabu, hilo simnyimi. Lori lililala uani kwetu mpaka kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, yeye akalifufua. Injini kaishusha kaipandisha, bodi kainyoosha, rangi ya kijani ileile ya zamani. Taa akaniachia mimi, akaniambia, "Hapo, dada, ni uwanja wako mwenyewe." Kioo kimoja nilikuwa nacho. Cha pili hakipatikani, waliovitengeneza walishaacha zamani. Nikatafuta kioo cha basi bovu, kipana kuliko chetu, nikakikata kwa msumeno wa chuma, nikakila kwa tupa, najaribisha, natoa, najaribisha tena, mpaka kikakaa mahali pake kama kilizaliwa hapo. Nikavisugua vyote viwili. Baba alipitisha kidole juu yavyo akaniambia, "Mama, hivi si vinaonekana vina maji?" Nilifurahi siku nzima.

Kesho lori linakwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, ng'ambo ya mji, kwa barabara kuu ileile na daraja lilelile. Mdogo wangu anaendesha, baba anakaa pembeni yake, mara ya kwanza tangu ajali. Baba shati ameshalipiga pasi mwenyewe.

Leo mchana nakwenda uani kuvipangusa vioo mara ya mwisho, nakuta vyeusi. Vyeusi! Kavipulizia rangi, nyeusi ya kung'aa, huwezi kujua kama chini yake kuna chekundu.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza, ingawa kopo la rangi alikuwa nalo mkononi.

"Ni staili, dada. Magari yote ya maonyesho siku hizi taa zake ni za giza. Zinawaka, usiwe na wasiwasi."

"Zinawaka?"

"Ukisogea unaona kabisa."

Ukisogea! Damu ilinichemka. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, majirani waliyasikia na wanatosha. Naye akajitia hamnazo, anafuta kopo, ananiambia, "Dada, nawe kila kitu kwako ni ajali. Yalishapita hayo." Yalishapita kwa nani? Aliyekuwa akimfulia baba mashuka ya hospitali alikuwa yeye? Alikuwa bado ananyonya!

Baba alikuwa amekaa barazani, magongo kando, anatusikiliza. Nilimgeukia yeye sasa.

"Baba, sema kitu!"

"Yeye ndiye fundi wa lori," baba akasema. "Mimi abiria tu."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimshika baba mkono, nikamwambia twende. Nikamsaidia kupanda, upande wa dereva, kwenye kile kiti chake. Akashika usukani. Sijui hata kama alijua ameushika. Kisha nikamwambia mdogo wangu, "Wewe nenda kule nyuma ya lori, mwisho wa njia, kwenye tangi la maji. Simama, tazama huku. Baba akikanyaga breki, ukiona taa, nyoosha mkono. Ukinyoosha, sitasema neno tena, na kesho nitawapungia leso."

Akaenda kwa mwendo wa maringo, anapiga mluzi. Jua lilikuwa linapiga mgongo wa lori moja kwa moja. Nilisimama mlangoni kwa baba.

"Haya baba," nikamwambia.

Mdogo wangu kule kasimama, mkono mmoja mfukoni, mwingine kaukinga juu ya macho. Tukangoja. Mtu wa baiskeli akapita, akatushangaa, akaenda zake. Kisha tukamsikia anapiga kelele.

"Dada! Mwambie basi akanyage!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, lakini niliangalia chini, nikauona mguu wa baba. Pedali ilikuwa imelala sakafuni chini yake.

"Nimekanyaga," baba akasema. Hakusema na mimi, alikuwa anatazama kioo cha mbele cha lori. "Nimekanyaga kitambo."

"Dada, akanyage!"

"Njoo hapa!" nikamwita. "Njoo uone!"

Alikuja anakimbia, akidhani kuna jambo limetokea. Akafika mlangoni, akatazama ule mguu. Akamtazama baba usoni, akanywea. Mluzi wote ulimwisha. Akakimbilia chupa ya thina ya kuyeyushia rangi aitoe ile nyeusi upesi, nikampiga mkononi mpaka chupa ikaanguka. Nikamwambia thina na petroli ni mama mmoja baba mmoja, ukitaka kuviua vioo vyangu mara ya pili anza na mimi. Nikamsukumia kigoda changu, ndoo, na msasa.

Kwa hiyo sasa amekaa nyuma ya lori anasugua, na maji ya ndoo yamekuwa meusi. Sijamsamehe. Ameniuliza kama apitishe msasa laini tayari, nimemwambia bado. Kila akisugua kidogo anainua kichwa, anaangalia kama wekundu umetokea.

Na baba bado yuko ndani.

"Baba, shuka sasa, upumzike," nimemwambia. "Betri itaisha."

"Iishe," anasema. "Sitoi mguu mpaka mtu aone."