Mke Wangu Alipanda Basi Langu

Siku ya sita ya mwaka mpya wa Kichina, basi la kiwanda lilipiga honi kijijini kwetu. Aliyepanda hakuwa mimi. Alikuwa mke wangu, Xiuzhen.

Mimi nilibaki mlangoni na ndala.

Ngoja niwaambie huo ujinga ulivyoanza.

Kule Dongguan, mji wa viwanda, tulilala wanaume wanane chumba kimoja. Watoto wetu waliamuliwa humo. Na mama zao? Wapi! Mmoja anaonyesha kichanga kwenye simu, wengine wanapiga makofi, imepita hiyo: na sisi tuzae. Mwaka mpya tunarudi siku kumi, tunatia mimba, tunaondoka. Shule ya kijijini kwetu karibu darasa zima limezaliwa Oktoba na Novemba. Wanaume wa shoka kweli!

Geng, wa kitanda cha juu yangu, akaniambia, "Guosheng, binti mmoja tu? Tafuta dume bwana, usituaibishe."

Nikaona ana akili. Hebu fikiria.

Niliporudi mwaka mpya, nilimkuta Xiuzhen akikata nyama ya moshi. "Mama Siqi, tumeamua tuongeze wa pili."

"Umeamua na nani?"

Nikachukua kipande cha nyama, nikatafuna.

Akaniletea viatu nilivyomnunulia binti yetu Siqi. Kisigino hakikuingia. "Mtoto ana miaka saba, Baba Siqi. Hivi ni vya miaka mitano. Nimeshaongea na msimamizi wenu, naenda mimi. Kaa na huyu mwaka mmoja, halafu tuongee hayo ya wa pili."

Nikacheka. Mtoto mmoja, kitu gani?

Jamani! Siqi hakuongea na mimi miezi mitatu. Akitaka kitu, anamwambia kuku ili nisikie.

"Kuku, mwambie huyo uji unaungua."

Homa, chawa, hesabu za shule. Mwezi wa nne nililia chooni, mwanaume mzima. Mwezi wa tisa Siqi alipigana shuleni, mwalimu akaniita. Tukirudi, akanishika mkono.

Mwaka ulipoisha Xiuzhen akarudi. Hata koti hakuvua.

"Haya, tuzae wa pili?"

"Hapana," nikasema. "Huyu mmoja tu namuweza kwa shida. Na Dongguan sirudi."

Akakaa chini, akalia huku anacheka. Akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

Za talaka. Alishatia sahihi.

"Ungesema ndiyo, ningekupa kalamu," akasema, akazitupa jikoni motoni.

Nyie mnaoamua kuzaa mkiwa bwenini, sina heshima na nyie, kama nisivyo na heshima na mimi yule wa siku zile. Mkimaliza kupiga makofi, mpigieni simu mwanamke atakayebaki na huyo mtoto. Wa kuulizwa ni yeye.