Neno la Siri Lililosikika Boito Nzima

Aibu hii nimeificha miaka miwili, ingawa Boito nzima inaijua, kwa hiyo nikisema nimeificha najidanganya tu. Mimi ni fundi wa kompyuta wa kiwanda kimoja cha chai huku kwetu, yule wa seva ya simu za intaneti. Karani wa kituo cha chai akiinua simu, ujumbe unapita kwanza kwa seva yangu, nayo ndiyo inamwita msimamizi wa malori kiwandani ili lori lije kubeba majani.

Shida ilianza tuliposhuku kwamba walanguzi wa majani wanasikiliza hizo simu, maana kila tukiita lori, pikapu zao zilikuwa zimeshafika. Mtu mwenye akili angetafuta njia ya kuficha ujumbe ambayo dunia nzima imeijaribu. Mimi nikatunga yangu (nilikuwa nimesoma kurasa kadhaa, kichwa kikavimba). Nikaiambia seva kwamba ujumbe wowote usiofichwa kwa neno letu la siri iutupe, wala isijibu, na ili mtu asichezee kazi yangu, hata kuizima lazima uandike neno hilohilo, halafu nikamshawishi meneja atangaze kwamba lori haliondoki kwa simu ya mkononi, ni ya kituo peke yake. Nilijiona jenerali.

Ijumaa nikaweka neno hilo kwenye simu za vituo vyote isipokuwa Boito, nikasema hicho nitakipitia kesho, kwa kuwa kesho ilikuwa koito yangu, siku ya watu wetu kwenda kumposa Chebet, na kwao ni hapohapo Boito. Kesho yenyewe nilikuwa na suti mpya. Nikakipita kituo bila hata kugeuka.

Kwa Mzee arap Bii, baba yake Chebet, msemaji wetu alikuwa baba mdogo, naye alikusanya simu zetu zote akazizima, heshima. Tukanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, ombi likasemwa, na baba mdogo alikuwa amefika pale pa kunisifu, “Huyu kijana wetu ndiye anashikanisha simu zote za kiwanda,” mara mlango ukajaa akina mama wenye vikapu, na karani wao mbele, wakimtafuta Mzee kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kituo.

“Mzee, simu imekufa tangu saa nne! Majani inachomeka kwa gunia!”

Mzee akanigeukia polepole. “Ni hizo simu ndio unashikanisha?”

Majani ya chai yakikaa yamebanana yanapata joto, yanakuwa mekundu, na kiwanda hakiyapokei. Jasho la watu lilikuwa kwenye yale magunia, yakiwemo ya mama mkwe. Nilikimbia na suti yangu hadi kituoni, koito nzima nyuma yangu, nikajaribu kuandika neno la siri kwa vile vitufe vidogo, nikakosea mara tatu, simu ikakataa kupokea neno lingine. Ikabaki kumpigia mwenzangu Omwenga aliyekuwa zamu kiwandani, kwa simu ya mkononi ya karani, azime kazi yangu yote, simu ya kituo ipite kama zamani.

“Inataka neno la siri,” akasema Omwenga. “Nipee.”

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimesoma kwamba neno la siri liwe sentensi ndefu ambayo ni watu wa nyumbani kwako tu wanaoijua, na wiki ile jikoni kwetu kulikuwa na sentensi moja tu ya namna hiyo. Nikanong'ona.

“Sikuskii, boss! Network ni mbaya. Ongea kama mwanaume!”

(Mtaniuliza kwa nini sikutuma meseji. Hata mimi najiuliza mpaka leo.) Nikamwangalia mama mkwe akitawanya majani yake chini yapoe, nikafumba macho, nikapiga kelele: “Tutasema ng'ombe wanne lakini tutakubali hata wanane!”

Akina mama wote wakanigeukia.

“Wanane,” akauliza Omwenga, “kwa namba ama kwa herufi?”

“Kwa herufi,” nikasema. Baba mdogo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Lori likaja, majani karibu yote yakaokoka, na akina mama walicheka hadi wakakaa chini. Mzee hakucheka. Tuliporudi sebuleni baba mdogo akajikaza (jasiri yule), akaanza, “Sisi tumefikiria ng'ombe nne...”

“Wacha tuanzie pale kijana amefikisha,” Mzee akasema. Tuliishia tisa.

Siku hizi simu zetu zinalindwa kwa njia ileile ya watu wote, na neno la siri ni makorokoro ya herufi na namba ambayo hata ukiyatangaza kanisani hayamuumizi mtu. Kutunga yangu tena, nimeapa, sitatunga. Yule ng'ombe wa tisa wala simlilii. Kinachoniumiza ni kwamba kila tukikosana na Chebet ananiuliza, “Kumbe ulijua nafika nane, na ukataka kunichukua na nne?”