Waliokwenda Kumkubalia Swabra Kazi

Mdogo wangu Swabra alipomaliza chuo, uhandisi wa ujenzi, alipata kazi mbili ndani ya wiki moja. Nyumba yetu ya Nyamugari, mjini Gitega, haikuwahi kuona neema ya namna hiyo, na wazee hawakuchelewa kuiharibu.

Kazi ya kwanza ilikuwa mkoani Muyinga, kwenye kampuni inayolaza mabomba ya maji kule Gashoho. Walimtumia kontra, yaani mkataba wa kazi, kwenye simu: mshahara, bima ya matibabu, pikipiki ya kazini, chumba cha kulala. Walitaka jibu kabla ya Jumatatu. Ya pili ilikuwa hapa hapa Gitega, kwa Damiano, mjenzi wa majumba na rafiki wa baba mdogo Shafii, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wetu. Damiano hakuandika chochote. Swabra akasema atamwendea, amuulize analipa kiasi gani, ndipo alinganishe. Lilikuwa jambo la akili, kwa hiyo halikumfurahisha mtu.

Baba mdogo alivaa kanzu yake ya Idi, akachukua wazee wawili wa msikitini, wakaenda kwa Damiano kama watu wanaopeleka posa. Wakanywa chai, wakachekeana, wakarudi na habari kwamba neno wameshalitoa. Swabra anaanza Jumatatu.

"Analipa kiasi gani?" Swabra aliuliza.

"Aah, we. Mtu anakupa kazi, mi nianze kumuuliza bei? Iko haya, iko aibu."

Nilitamani kutupa sahani. Mtu huyu huyu sokoni hugombania nyanya mpaka muuzaji achoke, lakini jasho la mtoto wa ndugu yake alilitoa bila hata kuuliza.

Jumamosi Swabra alimfuata Damiano kwenye jengo lake, katikati ya mifuko ya saruji. Damiano alimpokea kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma hadi leo.

"We iko mtoto yangu," alimwambia. "Mshahara tutaona mwaka unaokuja. Papa Shafii alisema unalala kwenu, unakula kwenu. Donc, basi, nitakupa pesa ya tike ya basi na chakula ya saa sita."

"Na kontra?"

"Kontra ya nini, na sisi iko familia moja?"

Swabra alirudi nyumbani na hasira. Damiano hakumshangaza, tajiri gani atakataa mhandisi wa bure? Kilichomuuma ni kwamba aliyemtoa bure ni wa kwetu, na alimtoa huku anacheka. Akakaa sebuleni, akatia sahihi kontra ya Muyinga, akaituma mbele ya mama.

Jioni baba mdogo alikuja amevimba uso. Ameaibishwa mbele ya wazee, alisema, na Damiano hamsalimii tena. Mama akamsihi Swabra apige magoti aombe radhi. Hakupiga.

"Sawa," baba mdogo alisema. "Enda Muyinga yako. Lakini siku ya kuolewa usinitafute. Mi sitakuwa walii yako, wa kukuozesha."

Swabra alikuwa anakunja nguo za safari. Hakupandisha sauti.

"Sitakutafuta, baba mdogo. Umeshaniozesha mara moja, na mahari hukuuliza."