Shimo la Maganda Lasubiri Kura ya Jumamosi

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado linapiga miayo, na Bibi Mboji anapita mlango kwa mlango akisukuma toroli ambalo gurudumu lake linalia kama paka aliyefungiwa stoo. Kwenye kila mlango kuna ndoo. Anafunua, anachungulia, anacheka.

“Huyu jana kala ndizi peke yake. Bwana hayupo. Maganda hayana siri, mwenzangu.”

Ndiye mtunza bustani wa mtaa huu wa nyumba zilizoshikana, zenye ua mmoja na geti moja. Maganda ya jikoni huyapeleka kwenye shimo la nyuma, akayachanganya na majani makavu, akayageuza na kuyageuza mpaka yawe mboji, udongo mweusi unaolisha mchicha wa kila mwenye nyumba.

Jumamosi hii wenye nyumba watapiga kura. Kamati ya mtaa inataka shimo lifukiwe, pawe pa kuegesha magari. Shimo likifa, na kazi yake imekufa.

Alilichimba na marehemu mumewe, nyumba zikiwa bado zinanuka rangi. Kabla ya hapo kila mtu alichoma taka uani.

“Unaanika shuka jeupe, unaanua la kijivu,” anakumbuka. “Wakwe wakija, tunawaambia ndiyo rangi ya kisasa!”

Ndoo nazo zilileta vituko vyake. Kwa kuwa zilikaa nje, majirani walichunguliana. Mama mmoja, mambo yakiwa magumu, alikuwa akiomba maganda ya nanasi kwa jirani ayaweke juu ya ndoo yake, ionekane kwake wamekula.

“Nilijua, ila ningesemaje? Nanasi moja, limeliwa nyumba tatu!”

Anacheka mpaka anashika kiuno. Kisha anafika shimoni, anachukua koleo, anaanza kugeuza rundo.

“Siku zile sokoni tulikwenda na vikapu. Chupa ya mafuta ilirudi dukani ikajazwe. Maji ya kuoshea mchele yalinywewa na maua. Hatukujua kama huko ni kutunza mazingira, tulijua ni kutunza vitu. Na mume wangu akigeuza lile rundo alikuwa anapiga mluzi. Watoto wote wa hapa waliujua ule mluzi.”

Mmoja wa watoto hao sasa ni mwenyekiti wa kamati. Aliwahi kutumbukia shimoni, akaogeshwa kwa mpira wa bustani, akilia mbele ya wasichana.

“Labda ndiyo analipiza kisasi,” anasema Bibi Mboji.

Kwa simu, mwenyekiti anakana. “Huyu ni mama yetu, tunamheshimu. Lakini magari yanalala nje ya geti, yanang’olewa taa. Tufanyeje?”

Bibi Mboji hamlaumu. Kabla ya kura ataomba jambo moja: magari yabanane, shimo libaki hata nusu. Wakikataa, kila nyumba iweke pipa lake la maganda barazani, naye aitwe kuligeuza kama anavyoitwa fundi wa mabomba.

“Nikiwa na pumzi, nitageuza.”

Mazungumzo yanakatika. Mwenyekiti mwenyewe anatokea pembeni ya ukuta, kabana mfuko mtupu kwapani, anatazama kulia na kushoto.

“Shikamoo, mama. Mke wangu anasema mchicha unanyauka. Kidogo tu. Nipitie hata jioni, watu wakishaingia ndani.”

“Marahaba, mwanangu. Mboji ipo,” anajibu, akiegemea koleo lake. “Ila njoo Jumamosi, saa ya mkutano. Nitakupimia mbele ya watu.”