Bafle Mbili, Ukuta Mmoja

Harufu ya gundi ya mbao ikinipitia puani hata leo, hugeuka kuutazama ukuta kabla akili haijajua sababu. Nyumbani kwetu Likasi harufu ya kawaida ilikuwa ya asidi. Ilikuja na moshi wa kiwanda, ikalala juu ya majani ya mihogo, ikatoboa mashati ya kazi ya baba mpaka mama akachoka kuyatia viraka. Kwa hiyo siku sebule yetu iliponukia gundi na vanishi, nilijua kuna kitu kigeni ndani. Zilikuwa spika mbili za kusimama, nyembamba, rangi ya kahawa, zikinifika kifuani. Sisi tuliziita bafle, kama Likasi yote. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na baba alikuwa fundi umeme wa kampuni ya madini, ambayo ilitupa nyumba, unga, shule na king'ora cha kutuamsha.

Nyumba hizo zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, zikigawana ukuta wa tofali moja. Mama aliipima sebule yetu kwa kamba aliyoifunga mafundo, kila fundo shubiri moja: shubiri kumi na tano kwa kumi na mbili. Kisha akapima tena, maana hakuamini hesabu iliyofanywa mara moja, na ugonjwa huo nimeurithi. Ndani ya shubiri hizo kulikuwa na meza, viti vinne, kabati ya vyombo, redio ya baba, picha ya Bikira Maria na, juu yake kidogo kama ilivyotakiwa, picha ya Rais. Tulikwenda kununua kwa Mreno mmoja wa mtaa wa wazungu aliyekuwa akifunga virago. Alikuwa na jozi mbili barazani. Za kwanza zilikuwa pana kama majeneza, na baba, kama mwanamume yeyote, alikwenda kuzikumbatia hizo. Mama akatoa kamba yake. "Hizi zikiingia, weye utatoka," akamwambia. Zile nyembamba zilikula shubiri moja tu ya sakafu kila moja. Mreno alitaja bei ya mtu asiye na haraka, ilhali masanduku yake yalikwisha kupigwa misumari. Mama akayahesabu masanduku kwa sauti, polepole, mpaka bei ikashuka yenyewe.

Tulipokuwa tukizipakia kwenye toroli, Mreno aliigeuza moja akatuonyesha tundu la mviringo nyuma yake, kubwa kiasi cha ngumi yangu kuingia. "Mama, hii iko na tundu ku mugongo, inapumuaga huku. Usiitie karibu na kibambazi. Acha shubiri mbili." Mama aliitikia kwa adabu. Lakini nyumbani, shubiri mbili kutoka ukutani zilikuwa katikati ya njia ya jikoni, na mwenye sebule kama yetu hana nafasi ya kumpa spika apumue. Tukazisukuma mpaka zikagusa ukuta. Tulichagua ule ukuta pekee usio na mlango wala dirisha, tukajipongeza. Hakuna aliyekumbuka kwamba hauna dirisha kwa sababu upande wa pili kuna mtu.

Mtu huyo alikuwa Kalenga, kiongozi wa chama katika mistari yetu ya nyumba. Yeye ndiye aliyeandika nani hakuja kufagia barabara Jumamosi na nani alicheza kwa uvivu mbele ya wageni wa chama. Hakuwa mkali. Alisalimia kila mtu, akajua majina ya watoto wote, na jambo hilo ndilo lililotutisha. Mwaka ule vita vilikuwa vimeingia upande wa Kolwezi, ambako mdogo wake baba alifanya kazi. Redio ya taifa ilicheza nyimbo za sifa tu. Basi kila siku saa kumi na moja jioni baba alitafuta redio ya ng'ambo, jambo ambalo hukuthubutu kusikiwa ukilifanya. Tangu mvua zianze, wanaume wawili wa mstari wetu walikwisha kupelekwa gereza la Buluo. Wake zao walipeleka chakula kila Jumamosi, na mmoja alirudi na sufuria yake bado imejaa.

Baba aliteremsha sauti mpaka mimi, nikiwa nimekaa hatua moja kutoka bafle, nikasikia mnong'ono tu. Tulijiona salama. Kisha asubuhi moja, bombani, Kalenga akamwambia baba akitabasamu, "Ndugu, ule bwana wa saa kumi na moja anasomaga muzuri. Sauti yake ni ya mutu mukubwa." Baba alirudi na ndoo nusu. Siku hiyo hakuigusa redio, na mama akawa anatazama sufuria zetu moja moja, kama anachagua itakayofaa kwa safari.

Kesho yake jioni mama aliniagiza kwa Kalenga kurudisha chekecheo, huku nyuma redio ikiwa imefunguliwa kwa mnong'ono uleule, ila kwenye nyimbo za taifa. Mke wake alikuwa uani. Niliingia sebuleni, nikasimama. Muziki ulikuwa unatoka ukutani, mzito, kamili, kuliko kwetu. Bafle zilipumulia kwake. Nyumba ile niliijua, ilikuwa na viti sita kuizunguka meza. Nilihesabu vitano. Nikahesabu tena, vitano. Cha sita kilikuwa kimewekwa peke yake, kikitazama ukuta mtupu, na ukutani, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyekaa, palikuwa na doa la mafuta ya nywele.

Nilimweleza mama. Baba alitaka kuzivunja bafle jioni ileile. Mama akamwuliza, "Ukizivunja, atasahau?" Jumapili, baada ya misa, alinishika mkono tukaenda kwa Kalenga, yeye amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Tata Kalenga," akasema, "kile kiti cha kibambazi, shingo haikuumi?"

Kalenga hakucheka. "Mama, ile ni kiti ya kazi."

"Basi tukupatie kifaa ya kazi. Bafle ni mbili. Chukua moja, waya ipite mu kibambazi. Utasikia yote bila kuegemea."

Kalenga alikwenda akakishika kile kiti mgongoni. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa Kolwezi. Mama alilijua hilo na hakulitaja. Mwishowe Kalenga akauliza, "Na tundu, nani atatoboa?"

"Weye, tata. Kibambazi ni yako pia."

Hapo ndipo bei yote ilipokuwa. Aliyetoboa tundu kwa mkono wake hataweza kusema hakujua waya inatoka wapi. Nadhani Kalenga aliielewa bei hiyo mara moja, na akailipa. Jumatatu alipiga msumari na nyundo mara arobaini na moja, vumbi likamwagikia sakafuni kwetu. Tangu siku hiyo, saa kumi na moja, nyumba mbili zilinyamaza pamoja. Baba hakupelekwa Buluo. Binti wa Kalenga alirudi juu ya lori la makaa. Baba mdogo hakurudi, wala redio haikumtaja, maana redio haitaji watu mmoja mmoja. Lakini tundu lilibaki, na tundu halipitishi waya tu. Tulijifunza kuzungumza uani, na kula bila kusema. Miaka baadaye Kalenga alihamishwa, baba akaliziba kwa saruji, na bado tuliendelea kunong'ona.

Sasa naishi Lubumbashi, fleti ya vyumba viwili, na mwezi uliopita niliamua kununua spika za kusimama, nyembamba. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, alinisifia mbao na besi. Nilimwuliza tundu liko wapi. Alifikiri namtania. Nikachukua zenye tundu mbele, baada ya kumhangaisha bei mpaka akaniita mama yake, nikaziweka shubiri tatu kutoka ukutani ingawa sasa napita sebuleni ubavu ubavu. Kisha nikafungua redio, sauti ya chini, nikaenda kumbishia hodi jirani, nesi wa miaka kama thelathini. Alinikaribisha ndani. Hakikusikika kitu kutoka ukutani. Siku hizi watu husema wanachotaka kwa sauti, hata ndani ya basi, nami hushuka kituo kimoja mapema.

"Mama, unatafuta kitu?" akaniuliza.

Nilimwambia hapana, nasalimia tu. Viti vyake vilikuwa vinne, vyote vinatazama televisheni. Alipokwenda kuniletea maji, nikahesabu tena.